Barua ya wazi kwa wakubwa wa idara za uraia: tuambieni mnazisomaje listi za meli

Waheshimiwa wakuu wa idara za uraia, nyie mnaokaa kwenye kaunta za balozi, na nyie mnaotunza nyaraka za kale, salamu nyingi.

Naandika kuhusu listi za abiria wa meli, zile karatasi za zamani zilizojazwa na kampuni za meli au manahodha kabla watu hawajavuka bahari. Kwa mtu anayeomba uraia wa kurithi, hizo karatasi mara nyingi ndo kitu pekee kilichobaki kinachosema baba wa babu aliondoka lini, alitoka kijiji gani na alikuwa na nani. Na wala sio kwamba zimepotea zote, zipo nyingi mno, Marekani peke yake sheria ya 1819 iliwalazimisha manahodha kukabidhi majina kwa watu wa forodha na listi zimeendelea kuanzia 1820. Shida ni kwamba kila dirisha linazisoma kivyake, afisa huyu anaipokea yule anaisukuma pembeni, na ukiuliza kwa nini hakuna mahali palipoandikwa. Ombi langu ni moja, andikeni kanuni. Semeni listi ya abiria kwenu inathibitisha nini na haithibitishi nini, alafu mfuate hivyo hivyo kwa kila mtu.

Mimi nasaidia familia kupanga mafaili yao kabla hayajafika kwenu, kwa hiyo nayaona yakienda na nayaona yakirudi na ile karatasi ya "ushahidi hautoshi". Hautoshi kwa lipi? Hapo ndo panapouma.

Nianze na Ujerumani maana pale tarehe ya kusafiri inaweza kuamua kila kitu. Sheria yao ya 1870 ilikuwa inasema Mjerumani akikaa nje miaka 10 mfululizo bila kujiandikisha kwenye daftari la konseli (ubalozi mdogo wao kule aliko), uraia unamtoka. Sheria mpya ya 1913 ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1914 na kuifuta habari hiyo ya miaka 10. Sasa piga hesabu mwenyewe, aliyeondoka 1902 na hakurudi wala kujiandikisha, miaka yake 10 ilitimia 1912, uraia ukamtoka na wanawe waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kitu. Aliyeondoka 1906 mwaka 1914 ulimkuta bado ana miaka minane tu nje, yeye alibaki Mjerumani mpaka hapo alipochukua uraia mwingine. Yaani miaka minne tu ya tofauti kwenye listi ya meli inawatenganisha watu wa leo, mmoja anapata pasi mwingine hapati.

Basi weka familia mbili mezani, wazee wao wote waliondoka 1906, mmoja kupitia Hamburg mwingine kupitia Bremen. Wa Hamburg ana bahati, listi za pale za 1850 mpaka 1934 zimetunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji, ataomba nakala na itakuja na jina, kazi, na mahali alipotoka. Wa Bremen hana kitu. Bremen walikuwa wanazitupa listi za zamani kwa kukosa nafasi, na zilizobaki nyingi zikapotea Vita Kuu ya Pili, zilizosalimika ni 2,953 tu na zote ni za 1920 hadi 1939. Huyu mtu hana kosa lolote, babu yake alichagua bandari tu, labda kwa sababu treni ya kwenda Bremen ilikuwa karibu zaidi. Lakini meli iliyotoka Bremen ilifika mahali, na kule ilikofika iliandikwa. Kama ilitia nanga New York mwezi fulani 1906, listi ya kufika inasema meli ilitoka wapi na lini. Safari yenyewe miaka hiyo ilikuwa siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi, kwa hiyo mkikataa listi ya kufika eti sio listi ya kuondoka mnataka tuamini nini, kwamba mzee alifika kabla hajaondoka? Kwenye kanuni naomba hili liwe la kwanza, listi ya kufika ikubalike badala ya ya kuondoka pale ambapo bandari ya kuondokea haina tena kumbukumbu.

Hapo hapo kuna jambo jingine linalochosha, la kudai "orijino". Marekani miaka ya 1940 idara yao ya uhamiaji ilipiga listi nyingi kwenye filamu ndogo na karatasi zenyewe zikateketezwa. Orijino haipo. Imekufa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kilichopo ni filamu, na hifadhi ya nyaraka ya taifa lao inaweza kutoa nakala iliyothibitishwa kwa muhuri kutoka kwenye hiyo filamu, na hiyo ndo orijino ya dunia hii. Picha nyingine ni nyeusi tii, nyingine mwanga umepiga katikati ya ukurasa, sisi hatukuzipiga jamani. Na ule wimbo wa "zote ziliungua Ellis Island", kile kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, nao uachwe. Ni kweli moto wa Juni 1897 uliteketeza majengo ya mbao na kumbukumbu zilizokuwa ndani, lakini listi za forodha za New York kuanzia 1820 zilikuwa zimewekwa kwingine na zinasomeka mpaka leo. Familia iliyoambiwa "ziliungua" kwa mdomo tu inaacha kutafuta, faili linalala.

Sasa naomba mkae na ukurasa mmoja muuangalie taratibu kama mimi ninavyouangalia. Chukua wa kufika Marekani baada ya 1907. Ni kurasa mbili zinazotazamana, mistari 30, maswali 29. Kushoto kuna jina, umri, kazi, kama anajua kusoma, anatoka nchi gani, ni wa kabila gani, alikuwa anaishi mji gani, jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani, na anakokwenda. Kulia kuna nani kamlipia nauli, ana hela kiasi gani, kama amewahi kufika Marekani na lini, anamfuata nani na huyo anakaa mtaa gani, urefu wake, rangi ya nywele na macho, na mwisho kabisa mahali alipozaliwa, nchi na mji. Hicho kikolamu cha mwisho ndo dhahabu, na kiko ukurasa wa kulia, na watu wengi wanawaletea wa kushoto tu kwa sababu mtandao unafungua wa kushoto. Fomu yenu ingesema tu "leta kurasa zote mbili" mngeokoa miezi. Mtu ambaye hajui mzee wake alizaliwa kijiji gani hawezi kupata cheti cha kuzaliwa, na jina la kijiji mara nyingi limekaa pale pale, au kwenye anwani ya baba aliyebaki nyumbani.

Alafu zile alama. Pembeni kushoto mwa jina unakuta X, maana yake abiria alizuiwa kwa muda, labda anasubiri ndugu aje kumchukua au hela itumwe. Haikumfuta. Ukikuta mstari mzima umepigwa kalamu juu ya jina, huyo ndo kwa kawaida hakupanda, alikata tiketi akabaki, na nimeshaona faili likienda na jina lililokatwa hivyo kama ushahidi wa kusafiri na likapita, wakati lenye X linarudishwa. Ni kinyume kabisa.

Na juu ya jina kuna namba zilizoongezwa miaka mingi baadaye, kwa mfano namba ya tarakimu moja au mbili, kistari, namba ndefu, kisha tarehe. Hizi ziliwekwa karani alipofungua listi kuhakikisha kwamba fulani kweli alishuka na meli hiyo, maana waliofika baada ya 29 Juni 1906 walitakiwa kuthibitishiwa kufika kwao kabla ya kupewa uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba. Tarehe pale ni ya ukaguzi wa karani. SIO tarehe ya kula kiapo. Afisa mmoja aliisoma kama tarehe ya kiapo, na kwa hesabu hiyo mzee akaonekana ameshabadili uraia kabla mwanawe hajazaliwa, mnyororo wa kurithi uraia ukakatika pale pale mezani. Mwombaji alipoenda kulitafuta faili lenyewe la tajnisi ikaonekana kiapo kilikuja baadaye sana, na mtoto alikuwa ameshazaliwa. Hiyo namba ni njia ya kulifikia faili, hukumu iko ndani ya faili.

Majina. Hapa nitasema kwa kirefu kidogo maana ndo panapokufa mafaili mengi. Kuna watu wanaamini makarani wa Ellis Island walikuwa wanawapa watu majina mapya, na kuna maafisa wanadai "hati ya kubadilisha jina" ya pale. Hakuna hati kama hiyo. Listi ilikuja na meli ikiwa imeshajazwa upande wa kule walikotoka, mkaguzi alikuwa anaisoma na kuuliza maswali kupitia mkalimani. Jina lilibadilika baadaye, mtu mwenyewe akitaka asikike kama wenzake kazini, au mwalimu akiandika anavyosikia, na Giuseppe akawa Joseph kila mahali isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo. Kwa hiyo mkikuta jina la listi linafanana na cheti cha kijijini kuliko linavyofanana na cheti cha kifo, hiyo ni dalili nzuri, mbona mnaiona kama kasoro?

Kuna mama mmoja faili lake lilirudishwa kwa sababu bibi yake kwenye meli kaandikwa jina la ukoo wa kwao na sio la mume. Jamani, Mwitaliano mwanamke akiolewa habadilishi jina kwenye karatasi rasmi, na kampuni za meli ziliandika hivyo hivyo. Na mtoto mdogo aliyekuwa naye karani kampachika jina la mama kwa sababu kaweka alama ya "kama hapo juu" mstari mzima. Anayezijua hizi listi angeangalia mstari wa chini, umri wa mtoto unalingana na cheti, mji ni ule ule, anayefuatwa upande wa kulia kaandikwa "mume" na jina lake kamili na mtaa, na mtaa huo ndo ulioko kwenye sensa. Vitu vinne vinakubaliana na jina moja linakataa, alafu likashinda jina.

Ndo maana nasema kanuni iseme wazi kwamba utambulisho unapimwa kwa vitu kadhaa pamoja, umri, mji, ndugu aliyeachwa, ndugu anayefuatwa, kazi, na sio kwa tahajia peke yake. Umri nao muuache upumue mwaka mmoja au miwili. Na afisa asitafute jina kwenye mtandao akakosa akaandika "hayupo", anachotafuta pale ni kazi ya mtu aliyechapa kutoka mwandiko mbaya wa miaka mia iliyopita, lazima picha yenyewe iangaliwe.

Kolamu ya nchi nayo inawachanganya wengi. Mtu aliyeondoka 1910 kutoka mji ambao leo uko Poland atakuwa kaandikwa Urusi, au Austria, au Ujerumani, kutegemea ni dola gani ilikuwa imeushika mji ule. Poland haikuwepo kwenye ramani, ilirudi Novemba 1918, na sheria yake ya kwanza ya uraia ni ya 20 Januari 1920, ikaanza kazi tarehe 31. Lithuania ilijitangaza 16 Februari 1918. Listi inayosema nchi "Urusi" na kabila "Mlithuania" imesema ukweli wote mara moja, wala haijipingi. Hapo nakubali kwamba tarehe inaweza kumuumiza mwombaji, aliyeondoka kabla nchi haijazaliwa ana kazi ngumu ya kuonyesha kwamba aliwahi kuwa raia wake, na hilo afisa ana haki ya kulisema. Lakini alisemee hilo, asiseme "nchi hailingani".

Sijaja hapa kudai kwamba listi ya meli ni uchawi. Haithibitishi uraia. Haithibitishi uzazi. Inathibitisha kwamba mtu wa umri fulani kutoka mahali fulani alisafiri tarehe fulani na alijieleza hivi. Na ikiwa na habari mbaya mnapaswa kuipokea pia, kwa mfano kuna listi za pekee za raia wa Marekani waliokuwa wanarudi kutoka safari, na kwa waliopata uraia wa tajnisi zinaandika mahakama na tarehe. Ukimkuta babu yako humo, tarehe ikiwa kabla ya kuzaliwa baba yako, basi, ni vigumu kubishana nayo. Wanaoficha ukurasa kama huo wanajua wanachofanya na nyie mnajua, sitawatetea.

Kuna listi nyingine ambazo kwa maoni yangu ni bora kuliko zote za Ulaya na hazipewi heshima yake. Ni zile za Wahindi waliopelekwa kwa mikataba ya vibarua, Mauritius kuanzia 1834, Trinidad 1845, Natal 1860, Suriname 1873, Fiji 1879. Kila mtu alikuwa na namba yake, na pasi ya kusafiria inataja jina la baba, umri, tabaka, wilaya, kituo cha polisi, kijiji, na alama za mwilini. Natal pekee mpaka 1911 waliingia watu 152,184 na majina yao yako kwenye vitabu vya meli. India imekuwa ikilegeza masharti ya kadi yake ya OCI, ya watu wa asili ya India walioko nje, kwa vizazi hivi (sio uraia kamili, lakini inafungua mlango), Machi 2024 ilitangazwa kwa Mauritius mpaka kizazi cha saba, na Julai 2025 kwa Trinidad na Tobago mpaka cha sita. Kizazi cha saba! Sasa kama mtu anaruhusiwa kurudi nyuma vizazi saba, utamdai cheti cha kuzaliwa cha kijijini cha miaka ya 1840? Hakikuwahi kuandikwa. Pasi ya meli ndo cheti chenyewe, na jina moja tu bila la ukoo, kama lilivyoandikwa na karani wa Calcutta kwa kusikia, lisiwe kosa la mjukuu.

Na mtu akikosekana kwenye listi msiseme hakusafiri. Uingereza listi zao za kutoka, 1890 mpaka 1960, ni za safari za mbali, nje ya Ulaya na Mediterania, kwa hiyo aliyevuka tu kwenda Ufaransa hayumo. Na waliotoka Hamburg kwa njia ya kuzunguka, meli ndogo mpaka Hull, treni mpaka Liverpool, meli kubwa mpaka New York, wana listi mbili zenye meli mbili na tarehe mbili. Nimeona hilo likiitwa "mgongano wa nyaraka". Hakuna mgongano, ni mtu mmoja amebadilisha meli kama unavyobadilisha ndege leo.

Kinachofanya niandike sasa hivi na sio mwakani ni kwamba sheria zinabadilika ghafla. Italia tarehe 28 Machi 2025 ilitoa amri ya kubana urithi wa uraia, kwa sehemu kubwa ukabaki kwa mwenye mzazi au babu, na Mei ikawa sheria. Waliokuwa wameshapeleka maombi kabla ya saa sita usiku wa tarehe 27, saa za Rome, wakabaki chini ya kanuni za zamani. Usiku mmoja. Aliyekuwa amerudishiwa faili kwa ajili ya herufi moja au muhuri wa "orijino" isiyokuwepo, akaambiwa alete upya, alikuwa wapi usiku ule? Nje. Na haki yake ilikuwa ile ile ya jirani yake aliyepata afisa anayejua kusoma listi.

Nyie wa hifadhi nina ombi dogo kwenu, toeni nakala yenye muhuri ya kurasa zote mbili pamoja na ukurasa wa kwanza wa listi, ule wenye jina la meli na tarehe, maana ukurasa wenye mstari wa mzee peke yake hausemi ni meli gani na afisa ana haki ya kuuliza. Na maelezo mafupi ya alama za makarani yabandikwe nyuma.

Nyie wa uraia, mwongozo wa kurasa mbili unatosha kabisa. Mnapokea nini badala ya nini, utambulisho mnaupimaje, na mkikataa mtaandika sababu gani. Uwekeni pale pale fomu ya maombi inapopakuliwa, na tarehe ya kuanza kutumika iandikwe juu.